Je, Wajua? Viroboto Wengi wa Mbwa Wako Hawako Mwilini Mwake

Mbwa akijikuna mpaka kisigino kinapiga sakafu, mwenye mbwa hukimbilia manyoya. Huko ataokota wachache tu. Wataalamu wa wadudu wanakadiria kwamba katika kila viroboto 100 wa nyumba yenye mbwa au paka, kama 5 tu ndio wakubwa wanaoishi kwenye ngozi ya mnyama. Waliobaki, 95, ni mayai, mabuu na pupa, nao wametapakaa kwenye mkeka, kwenye nyufa za sakafu, chini ya kochi na kwenye lile gunia analolalia. Dawa yoyote ya nyumbani isiyofika sakafuni inashughulika na wale watano.

Hesabu yenyewe inatisha. Kiroboto jike akishapata damu huanza kutaga ndani ya siku moja au mbili, na akishika kasi anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Kwa siku hiyo hiyo anaweza kunywa damu yenye uzito mara 15 ya mwili wake. Mayai yake ni meupe, madogo kama punje ya chumvi laini, na hayanati. Mbwa akijikung'uta yanamwagika. Pamoja nayo yanamwagika mavi ya viroboto wakubwa, ambayo ni damu iliyokauka, na hicho ndicho chakula cha mabuu wakishaanguliwa. Mama anawaandalia watoto wake sahani papo hapo anapowaacha. Mabuu hao wanakimbia mwanga, wanajichimbia chini zaidi, kisha kila mmoja anajisokotea kifuko cha nyuzi zinazonata vumbi mpaka asionekane kabisa, na humo anageuka pupa. Kwa joto letu la kawaida, kutoka yai hadi kiroboto anayeruka ni kama wiki tatu.

Nyani hana viroboto

Watu wengi hudhani nyani wanaochambuana manyoya wanatafuta viroboto. Wanachokitoa hasa ni kupe, chawa na ngozi kavu. Utafiti uliofanywa kwa nyani wa Amboseli, ukachapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wanaochambuliwa zaidi huwa na kupe wachache zaidi. Viroboto ni suala jingine. Nyani na tumbili hulala leo kwenye mti huu, kesho kwenye ule, na mayai yanayoanguka hayampati tena mnyama wa kurukia. Pundamilia na nyumbu nao, wanaohama kila siku, hawasumbuliwi. Ngiri anayelala shimoni anao. Panya anao. Mbwa mwenye kibanda anao, na binadamu mwenye kitanda anaweza kuwa nao pia. Kiroboto anahitaji mnyama anayerudi kulala mahali pale pale.

Ukilielewa hilo, utajua pa kuanzia: pale mnyama anapolala. Toa matandiko, yafue kwa maji ya moto kabisa, yaanike kwenye jua kali. Jua si la kukausha tu. Mabuu hawastahimili joto linalozidi nyuzi 35 wala hewa kavu yenye unyevu chini ya nusu. Ndiyo maana uani huwapati katikati ya kiwanja kilichofagiliwa, unawapata kivulini, chini ya ngazi, nyuma ya tangi la maji, mahali penye vumbi laini ambapo mbwa hupumzika mchana. Anayeishi Tanga au Mombasa ana kazi kubwa zaidi ya anayeishi Dodoma, kwa sababu hewa ya pwani ni ya joto na ya unyevu mwaka mzima, na hiyo ndiyo wanayoipenda.

Magadi, miaka 3,500 iliyopita

Je, wajua kwamba dawa ya viroboto ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya tiba yaliyobaki duniani? Hati ya mafunjo iitwayo Ebers, iliyoandikwa Misri kama mwaka 1550 kabla ya Kristo na ambayo sasa imehifadhiwa Leipzig, Ujerumani, inaagiza kwamba mwenye viroboto nyumbani anyunyize maji ya natroni mpaka waondoke. Natroni ni ndugu wa magadi, ile chumvichumvi inayotanda kwenye Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya, na ambayo jikoni huwekwa kwenye maharage na mboga ngumu. Sisemi kwamba magadi yataua viroboto wako. Ninachokipenda katika agizo lile ni kwamba Mmisri yule alinyunyiza nyumba. Hakuhangaika na mnyama peke yake.

Kipimo cha karatasi

Kabla hujatumia chochote, hakikisha tatizo ni viroboto. Ukurutu, upele na chawa navyo huwasha. Msimamishe mbwa juu ya kitambaa cheupe au karatasi, msugue mgongoni karibu na mkia kwa vidole, kinyume cha manyoya. Vitaanguka vitu vyeusi vidogo kama unga wa pilipili manga. Viweke kwenye karatasi ya chooni iliyoloweshwa, usubiri. Vikiwa ni mchanga, vitabaki vyeusi. Vikiwa ni mavi ya viroboto, baada ya muda mfupi kila chembe itazungukwa na duara la rangi ya kutu inayoendelea kutanuka, kwa sababu damu ile inayeyuka tena. Kipimo hiki hakina gharama, na kinafaa zaidi kwa paka. Paka hujilamba sana na kumeza viroboto wake wengi, hivyo unaweza kumpekua usimkute hata mmoja, huku ngozi yake imejaa vipele.

Sabuni inaanzia shingoni

Dawa ya nyumbani ninayoiamini kuliko zote ni maji ya uvuguvugu na sabuni. Kiroboto akitupwa kwenye maji matupu huelea, anapiga miguu na baadaye anatoka mzima. Ongeza tone la sabuni ya kuoshea vyombo, utando wa juu wa maji unalegea, na mdudu anazama kama jiwe. Jaribu kwenye bakuli uone mwenyewe.

Kwa mbwa, utaratibu una maana. Maji yakigusa mgongo, viroboto hukimbia kuelekea kichwani, wakajificha masikioni na pembeni mwa macho ambako huwezi kuweka sabuni. Kwa hiyo paka povu zito kuzunguka shingo kwanza, liwe kama kola, ndipo uloweshe mwili wote. Liache povu dakika tano hadi kumi, usuuze vizuri. Tumia sabuni laini. Sabuni ya unga ya kufulia inachubua ngozi ambayo tayari ina vidonda vya kujikuna. Mtoto wa mbwa wa wiki chache akaushwe haraka na awekwe mahali pa joto, maana baridi inaweza kumuua kabla ya viroboto.

Paka wengi hawakubali kuogeshwa, na sioni sababu ya kuwalazimisha. Wao wanahitaji kitana chenye meno yaliyobanana, kile kile cha kutolea chawa. Chana polepole, hasa shingoni na mwanzo wa mkia, na kila mara uchovye kitana kwenye bakuli la maji ya sabuni. Kazi hiyo ifanyike kila siku. Kwa watoto wa paka ndiyo njia salama kuliko zote, na inaokoa maisha kweli, kwa sababu mtoto wa paka mwenye viroboto wengi anaweza kufa kwa kuishiwa damu. Ukiona ufizi wake umepauka badala ya kuwa wa waridi, usianze tiba ya nyumbani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Sabuni ina kazi nyingine usiku. Weka sahani bapa ya maji ya sabuni sakafuni, uelekeze taa ya umeme juu yake, uzime taa nyingine zote. Viroboto waliotoka kwenye vifuko vyao usiku ule, wenye njaa, hurukia mwanga na joto, wakaangukia majini. Mtego huu hautamaliza viroboto nyumbani, lakini utakupa habari. Chumba chenye wengi asubuhi ndicho cha kusafishwa zaidi, na idadi ikipungua wiki hadi wiki unajua unashinda. Usitumie mshumaa wala kibatari: paka akiupiga teke, mtahangaika na moto.

Vumbi linaloua na vumbi lisiloua

Karibu na Gilgil, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kuna majabali meupe pe ya Kariandusi. Wengi wanapajua kwa sababu ya mashoka ya mawe ya kale yaliyochimbuliwa na mwanaakiolojia Louis Leakey. Weupe ule ni diatomaiti, mabaki ya mimea midogo sana ya majini iliyokufa na kurundikana chini ya ziwa la kale. Maganda yake ni ya silika. Yakisagwa na kumgusa mdudu, yanafyonza nta inayofunika mwili wake, na mdudu asiye na nta anakauka akafa. Ni kifo cha kiu, wala si cha sumu, na ndiyo sababu unga huo huo hutumika kuhifadhi nafaka zisiliwe na dumuzi na fukusi.

Kwa viroboto unafaa, kwa masharti. Nyunyiza kidogo kwenye nyufa na chini ya mazulia, uache siku mbili tatu, kisha uondoe. Ukilowana haufanyi kazi. Usiupulize hewani wala kumpaka mnyama usoni, kwa kuwa mapafu hayaupendi. Na ule uliochomwa kwa ajili ya kuchujia maji ya mabwawa ya kuogelea hautumiki kabisa nyumbani, kwani silika yake imegeuka kuwa ya hatari zaidi kwa mapafu.

Majivu ya kuni hufanya kazi ya namna hiyo kwa kiasi kidogo, na waliofuga kuku wanalijua hilo kwa kuwaona kuku wakioga jivuni. Chumvi ya mezani inasifiwa sana, lakini kwa hewa ya pwani inavuta unyevu, inageuka majimaji na kuwapa mabuu hali ile ile wanayoitaka. Siki haiui viroboto. Inachoma vidonda tu.

Mashine ya kufyonza vumbi, kwa aliye nayo, inashinda unga wowote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, mwaka 2007 walionyesha kwamba iliua asilimia 96 ya viroboto wakubwa na mabuu wote waliofyonzwa. Inadhaniwa kwamba msuguano ndani ya mashine unawachubua ile nta. Ufagio hauui, unahamisha. Kwa hiyo ukifagia, takataka zisiishie mlangoni; zichomwe au zifungwe kwenye mfuko.

Pareto, mwarobaini, na ini la paka

Pareto ni ua jeupe mfano wa alizeti ndogo, asili yake pwani ya Dalmatia, upande wa Kroatia ya leo. Lilifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa miongo mingi nchi hiyo iliongoza dunia kwa zao hili. Tanzania hulimwa nyanda za juu kusini, Rwanda kwenye miteremko ya volkano upande wa kaskazini. Ndani ya ua mna kemikali inayovuruga neva za wadudu kwa dakika chache, na mwanga wa jua huivunja upesi. Sifa hiyo ya pili ina faida na hasara: haibaki kuchafua mazingira, na haibaki kuua viroboto wa kesho. Mwarobaini nao una nguvu ya kweli dhidi ya wadudu. Maji ya majani yaliyochemshwa humsaidia mbwa kidogo, mafuta yake zaidi. Paka asipakwe mafuta hayo, kwa kuwa atayalamba, na wapo waliodhurika.

Hapa naomba msomaji mwenye paka atulie. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya ambacho mbwa na binadamu wanacho cha kuondolea sumu mwilini. Kwa sababu hiyo kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka. Na kwa sababu hiyo hiyo permethrin, ambayo ni pareto ya kiwandani na imo katika dawa nyingi za mbwa, humtia paka degedege na kumuua. Usigawe dawa ya mbwa nusu ukampa paka. Soma pakiti, na kama haitaji paka, usiitumie. Mafuta ya limau na mafuta mengine ya kunukia yako kwenye orodha hiyo hiyo ya vitu ambavyo ini lake halivimudu.

Kuna dawa nyingine za mitaani zinazoniumiza kuzisikia. Mafuta ya taa huunguza ngozi, hupenya mwilini, na mnyama akiyalamba yakaingia mapafuni, homa ya mapafu inafuata. Maji ya tumbaku ni nikotini, sumu kwa mdudu na kwa mbwa vilevile. Kitunguu saumu kwenye chakula hakiwafukuzi viroboto, ila huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa, na zaidi za paka, kwa mnyama ambaye tayari ananyonywa damu usiku na mchana. Dawa ya josho ya ng'ombe yenye amitraz, ambayo wengi humwogeshea mbwa, imetengenezwa kwa ajili ya kupe. Viroboto haiwaui. Sindano ya ivermectin nayo, kwa kipimo cha kawaida, haimalizi viroboto, hata kama umeilipia.

Kwa nini wanarudi baada ya dawa

Umeosha, umefua, umenyunyiza, na wiki ya pili viroboto ni wale wale. Wengi hukata tamaa hapa wakasema dawa ni bure. Kumbe hao ni wapya. Kiroboto aliyekwisha kukomaa ndani ya kifuko anaweza kusubiri humo miezi mitano hivi bila kula, na karibu hakuna dawa inayompenya. Kinachomtoa ni mtikisiko wa hatua, joto la mwili na hewa tunayoitoa puani. Mpangaji anayeingia nyumba iliyokaa tupu tangu wa zamani na mbwa wake wahame hushambuliwa miguuni siku ya kwanza, kwa sababu viroboto wote walikuwa wanamngoja mtu yeyote apite.

Basi kazi yako iwe ya miezi miwili au mitatu mfululizo, na uwatoe makusudi hao waliomo kwenye vifuko. Acha mbwa aliyetibiwa aendelee kutembea ndani, piga mazulia, sogeza samani. Kila anayetoka kwenye kifuko na kukuta mnyama safi anayechanwa kila siku hapati nafasi ya kutaga.

Machache zaidi

Kiroboto anayepatikana zaidi kwa mbwa duniani ni yule aitwaye kitaalamu kiroboto wa paka. Kwa hiyo kutibu mbwa na kumwacha paka wa nyumba hiyo hiyo ni kazi bure. Wa mbwa halisi yupo, na watafiti wa Toulouse, Ufaransa, waliwapima wote wawili: wa mbwa aliruka wastani wa sentimita 30.4, wa paka 19.9. Misuli peke yake haiwezi kumrusha hivyo. Kuna mpira wa protini, resilini, unaobanwa kama springi na kuachiwa ghafla.

Tekenya anayeingia vidoleni ni kiroboto pia, na si mwenyeji wa Afrika. Alishushwa Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshalivuka bara mpaka pwani yetu. Mbwa na nguruwe humbeba, vumbi la sakafu ya udongo humlea. Pini moja inayozungushwa kwa watoto wote wa nyumba kumtoa inaweza kupitisha magonjwa ya damu.

Kiroboto wa panya naye ndiye msafirishaji mkuu wa tauni. Daktari Mfaransa Paul-Louis Simond aliligundua hilo Karachi mwaka 1898, na kwa miaka mingi wataalamu wenzake hawakumwamini. Lushoto, katika Usambara, tauni ililipuka mwaka 1980 na ikawa inarudi. Panya akifa, viroboto wake humkimbia wakatafuta damu nyingine, kwa hiyo penye tauni huuliwa viroboto kwanza, panya baadaye.

Na ukishamaliza viroboto, angalia mavi ya mnyama. Vipande vyeupe kama punje za wali karibu na mkia wake ni tegu. Buu wa kiroboto hula mayai ya tegu, kiroboto anakua akiwa naye tumboni, mbwa au paka anammeza anapojilamba. Hata mtoto anayecheza na mbwa sakafuni anaweza kummeza kiroboto kwa bahati mbaya. Dawa nyingi za kawaida za minyoo hazimwondoi tegu huyu. Dukani uliza yenye praziquantel, na umpime mnyama uzito kabla ya kumpa.